Walicheza wimbo wa mkataba, mkataba haukuja

Usiku wa tarehe 1 Oktoba 2000, Michezo ya Olimpiki ya Sydney ilipokuwa ikifungwa, uwanja wenye watu zaidi ya laki moja uligeuka ukumbi wa dansi. Yothu Yindi, bendi ya watu wa Yolngu kutoka Arnhem Land, kaskazini kabisa mwa Australia, walipanda jukwaani na wimbo wao "Treaty", yaani "Mkataba". Wakapanda pia Midnight Oil, bendi ya Wazungu wa Sydney, na "Beds Are Burning", wimbo unaosema bila kuzunguka kwamba ardhi ina wenyewe na warudishiwe. Nguo zao nyeusi zilikuwa zimeandikwa kila mahali neno moja la kuomba radhi: SORRY. Waziri Mkuu John Howard alikuwa pale uwanjani anatazama, naye ndiye aliyekuwa amekataa kuomba radhi hiyo kwa niaba ya serikali.

Watu walishangilia. Siku chache kabla, Cathy Freeman, Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, aliyewasha mwenge mkuu wa michezo ile, alikuwa ameshinda mbio za mita 400 na nchi nzima ikasema huyu ni wetu. Ukizitazama picha za usiku ule utadhani mambo yamekwisha, watu wamepatana. Lakini tarehe 14 Oktoba 2023 Waaustralia waliulizwa kwa kura ya maoni kama katiba yao iwatambue wenyeji wa asili kwa kuwapa chombo cha kulishauri bunge na serikali. Asilimia 60 hivi walikataa. Majimbo yote sita yalikataa.

Ni rahisi kusema huu ni unafiki, makofi mdomoni na hapana sandukuni. Mimi naona jambo lenyewe lina mafundo zaidi ya hapo. Wanaodai kutambuliwa na wanaowapigia makofi mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja, na muziki una uwezo wa ajabu wa kuifunika tofauti hiyo kwa dakika nne.

Magome ya Yirrkala

Habari ya "Treaty" haianzii studio. Inaanzia mwaka 1963 huko Yirrkala, makazi ya misheni ya Kimethodisti kwenye rasi ya Gove. Serikali ya Robert Menzies ilikuwa imekata sehemu ya hifadhi ya Arnhem Land ili ichimbwe boksiti, madini yanayotoa alumini, na Wayolngu waliokuwa wakiishi pale hawakuulizwa. Wazee wa koo wakaandika ombi kwa bunge la Canberra, kwa lugha yao na kwa Kiingereza, wakalibandika juu ya magome ya mti yaliyozungushiwa michoro ya koo zao.

Michoro ile haikuwa pambo. Kwa Wayolngu, mchoro wa ukoo, wimbo wa ukoo na ardhi ya ukoo ni mali moja isiyogawanyika. Nyimbo zao za jadi, manikay, hutaja mahali kwa mahali njia walizopita wahenga walioumba nchi, na si kila mtu anaruhusiwa kuimba kila wimbo. Mwenye haki ya kuuimba ni mwenye sauti juu ya mahali pale. Kwa hiyo walichopeleka bungeni kilikuwa malalamiko na hati za kumiliki kwa pamoja, ila wabunge waliokipokea walikuwa na uwezo wa kusoma nusu yake tu. Kamati iliundwa, ikapendekeza wenyeji wafidiwe na maeneo yao matakatifu yalindwe. Mgodi ukaendelea.

Wakaenda mahakamani. Mwaka 1971, katika kesi ya Milirrpum dhidi ya kampuni ya Nabalco, Jaji Richard Blackburn alisikiliza ushahidi wa koo kwa makini kuliko mtumishi yeyote wa serikali kabla yake. Alikiri kwamba Wayolngu walikuwa na mfumo kamili wa sheria, wenye mpangilio na uthabiti. Kisha akaamua kwamba mfumo huo hauwapi umiliki ambao sheria iliyoletwa kutoka Uingereza inaweza kuutambua. Mkalimani katika kesi ile alikuwa kijana Galarrwuy Yunupingu, mwana wa Munggurrawuy, mmoja wa wazee wa ukoo wa Gumatj waliosimama nyuma ya ombi la magome.

Hukumu ile ni mahali pazuri pa kuanzia kulifungua fundo. Jaji aliutambua utamaduni wa watu wale, tena kwa heshima. Haki yao hakuitambua. Na karibu kila ugomvi wa miaka zaidi ya 50 iliyofuata umo katika nafasi iliyo kati ya mambo hayo mawili.

Ahadi ya Barunga

Mwaka 1988 Australia ilisherehekea miaka 200 tangu meli za Waingereza chini ya Arthur Phillip zitie nanga Sydney. Mwezi Juni mwaka huo, kwenye tamasha la Barunga huko Northern Territory, Galarrwuy Yunupingu na Wenten Rubuntja walimkabidhi Waziri Mkuu Bob Hawke azimio lililozungukwa na michoro ya watu wa kaskazini na ya watu wa jangwa la kati. Walidai ardhi, fidia, haki ya kujiendeshea mambo yao, na mkataba unaokubali kwamba wao ndio waliokuwa wenye nchi. Hawke akaahidi mbele ya umati kwamba mkataba utafungwa kabla ya muda wa bunge lile kwisha.

Haukufungwa. Howard, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa upinzani, alisema ni upuuzi nchi kufunga mkataba na baadhi ya raia wake. Hoja hiyo isipuuzwe, kwa sababu inaonesha hasa kinachoogopwa. Mkataba hufungwa na pande mbili zenye mamlaka. Anayeomba shule au hospitali anaomba kwa mwenye nchi. Anayedai mkataba anasema: nilikuwa na mamlaka hapa kabla hujafika, na sikukupa. Waingereza walifunga mkataba na Wamaori kule Waitangi mwaka 1840, na Amerika Kaskazini mikataba ilifungwa kwa mamia, hata kama mingi ilivunjwa baadaye. Australia walishika njia nyingine, ya kuichukua nchi kana kwamba haikuwa na mwenyewe. Mlowezi John Batman alipojaribu mwaka 1835 kufunga mapatano na wenyeji wa eneo ambalo leo ni Melbourne, Gavana Richard Bourke alitangaza kwamba karatasi ile ni batili, kwani ardhi yote ni ya Mfalme na hao wenyeji hawana cha kuuza.

Mandawuy Yunupingu, mdogo wake Galarrwuy, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Yirrkala na mwimbaji wa Yothu Yindi. Ahadi ya Hawke ilipokuwa ikichacha, yeye na wenzake wa bendi walikaa na mwanamuziki Paul Kelly na Peter Garrett, mwimbaji wa Midnight Oil, wakatunga wimbo. Maneno ya Kiingereza yanasema ahadi ilisikika redioni na kuonekana kwenye televisheni, kisha ikafutika kama maandishi kwenye mchanga, na kwamba ardhi hii haikuwahi kutolewa wala kuuzwa. Sehemu za lugha ya Gumatj zimechukuliwa kutoka djatpangarri, ngoma ya kujifurahisha ambayo vijana wa Yirrkala walianza kuicheza miaka ya 1930. Kuna busara hapo. Wangeweza kuchukua manikay, lakini nyimbo za wahenga hazipelekwi disko. Walichotoa kwa dunia ni kile ambacho kwao pia ni cha kuchezwa.

Wimbo ulitoka mwaka 1991 na redio hazikuujali sana. Halafu madijei wa Melbourne waliojiita Filthy Lucre wakaupika upya. Wakaongeza mdundo wa kilabu, wakabakisha yidaki, ile zumari ndefu ya mti, mapigo ya vijiti na sauti za Gumatj, wakaondoa karibu maneno yote ya Kiingereza. Basi ukalipuka. Ulifika nafasi ya 11 kwenye chati ya Australia, jambo ambalo hakuna wimbo wa lugha ya Waaborijini uliokuwa umewahi kulifikia, na mwaka uliofuata ukashinda tuzo ya wimbo bora.

Yaani wimbo ulipendwa ulipoondolewa maneno ambayo wasikilizaji wengi wangeyaelewa. Kwenye taarab tunawajua watu wa namna hii, anayenyanyuka kwenda kutuza fumbo akidhani linamhusu jirani. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema toleo la disko liliuua ujumbe. Kabla yake, vijana wengi wa Melbourne na Sydney hawakuwahi kusikia lugha yoyote ya Waaborijini, katika nchi iliyokuwa na lugha zaidi ya 250 Wazungu walipofika. Kuisikia lugha hiyo ikiwa hai, ikichezesha watu, ni kutambua jambo fulani. Ila jambo hilo si mkataba.

Hawke alitundika azimio la Barunga ukutani katika jengo la bunge tarehe 20 Desemba 1991, siku aliyotoka madarakani.

Neno, ardhi na sauti

Miezi sita baadaye, tarehe 3 Juni 1992, Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini humo, ilitoa hukumu ya Mabo. Eddie Koiki Mabo, mzaliwa wa kisiwa cha Mer katika Torres Strait, mlango wa bahari ulio kaskazini mwa Australia, alikuwa amefariki Januari bila kuisikia. Mahakama ilisema nchi haikuwa tupu: wenyeji walikuwa na haki zao, na haki hizo zinaweza kuwa hai mpaka leo. Sheria ya mwaka 1993 ikaweka utaratibu wa kuzidai.

Utaratibu huo una mwiba. Mdai anatakiwa kuthibitisha kwamba watu wake hawakuacha mila zao na uhusiano wao na ardhi ile tangu wakoloni walipofika, na mahali ambapo ardhi iliuzwa kwa watu binafsi haki ya wenyeji imekwisha kufa. Matokeo yake waliofukuzwa na kutawanywa zaidi ndio wenye kupata kidogo zaidi. Lakini umeleta pia jambo ambalo Blackburn angelishangaa. Majaji wa mahakama ya shirikisho hutoka mjini, hukaa chini ya miti na kusikiliza nyimbo zikiimbwa kama ushahidi wa nani mwenye mahali gani. Hiyo ndiyo hadhira ninayodhani wimbo wa Kiaborijini ulikuwa ukiitafuta tangu mwanzo, mtu anayeusikiliza kama sheria.

Radhi ni habari nyingine. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 serikali na misheni ziliwachukua watoto wa Kiaborijini kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao. Archie Roach, aliyechukuliwa hivyo akiwa mdogo, aliimba habari hiyo mwaka 1990, na wengi wa wasikilizaji wake Wazungu walikuwa hawajui kama ilitokea. Ripoti rasmi ilikuja mwaka 1997. Bunge la Howard lilipitisha mwaka 1999 tamko la kusikitika, neno la radhi likakwepwa. Mwezi Mei 2000 watu wapatao 250,000 wakavuka kwa miguu daraja la bandari ya Sydney kudai maridhiano. Kwa hiyo zile nguo za Midnight Oil miezi minne baadaye hazikuwa utani, zilikuwa zikimaliza sentensi ambayo umati ulikuwa umeianza.

Na neno hilo hatimaye lilitamkwa. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliitoa radhi hiyo bungeni tarehe 13 Februari 2008, na Peter Garrett, aliyekuwa amevaa nguo ile uwanjani, alikuwa waziri katika serikali hiyohiyo. Wazee waliochukuliwa utotoni walilia kwenye roshani za bunge, na mtu asiyepitia yale hana haki ya kusema neno lile lilikuwa dogo. Lakini Rudd alitangaza pia kwamba radhi haitafuatana na fidia kutoka serikali yake. Kati ya madai yote yaliyoimbwa usiku ule, lililotangulia kupatikana ni lile ambalo halikuhitaji kuhamisha mpaka wala mamlaka.

Likabaki la sauti. Tarehe 26 Mei 2017, wajumbe wa wenyeji wa asili waliokutana karibu na mwamba wa Uluru walitoa tamko. Waliomba kwanza chombo chao cha ushauri, walichokiita "Voice", yaani "Sauti", kiwekwe kwenye katiba ili kisifutwe na kila serikali mpya, kisha tume ya kusimamia mapatano na kusema ukweli wa historia. Waziri Mkuu Anthony Albanese aliahidi kulitekeleza, na maneno ya awali ya kura aliyatangaza Julai 2022 kwenye tamasha la Garma, ambalo huandaliwa na taasisi inayobeba jina la Yothu Yindi, huko huko kwa Wayolngu.

Kampeni ya Ndiyo nayo ikapata wimbo: John Farnham aliruhusu kibao chake cha mwaka 1986, "You're the Voice", kitumike kwenye tangazo. Ni wimbo ambao karibu kila Mwaustralia wa umri fulani anaweza kuuimba akiwa amelewa. Hapo ndipo penye tatizo, kwa maoni yangu. Ni wimbo wa kila mtu, hauna adui na haudai kitu mahususi kwa mtu yeyote. Upande wa Hapana ulikuwa na kauli fupi: kama hujui, kataa. Watu walikuwa wakiuliza chombo hicho kitafanya nini, wakajibiwa kwa hisia.

Wenyeji wenyewe hawakuwa na kauli moja. Seneta Jacinta Nampijinpa Price, ambaye mama yake ni wa Warlpiri, watu wa asili wa jangwa la kati, aliongoza kampeni ya Hapana akisema chombo hicho kitawagawa raia kwa rangi. Seneta Lidia Thorpe alikataa kutoka upande wa pili kabisa: kwake chombo cha ushauri hakina meno, na kuingizwa kwenye katiba ya mkoloni kabla ya mkataba ni kusalimu amri. Vituo vya kura vya jamii za mbali kule Northern Territory, kwa upande wao, vilitoa Ndiyo kwa wingi.

Linganisha na mwaka 1967. Kura ya maoni ya mwaka huo, iliyowaingiza Waaborijini katika hesabu ya watu na kuliruhusu bunge la shirikisho kuwatungia sheria, ilipata Ndiyo ya asilimia 90.77. Kwa nini ile ipite hivyo na hii ianguke? Ile ilisema hawa ni watu kama sisi. Hii ilisema hawa wana nafasi yao ambayo sisi hatuna. Waaustralia wengi wako tayari kabisa kwa kauli ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyoshangiliwa Freeman alipomaliza mbio. Ya pili inawafanya waulize: kwani sisi ni nani hapa? "Treaty" ni wimbo wa kauli ya pili uliochezwa na watu wa kauli ya kwanza.

Kwetu nako

Siku ileile ya tamko la Uluru, 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa msitu wa Mau kwa kuwaondoa humo, na ikawatambua kuwa watu wa asili. Imetukia tu, lakini inafaa kukumbukwa na msomaji wa Kiswahili anayedhani haya ni mambo ya Wazungu na Waaborijini. Serikali zetu hupenda kusema kila Mwafrika ni mwenyeji wa asili, hivyo hakuna wa kutambuliwa pekee. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu imelijibu hilo kwa kuhamisha swali: badala ya nani alitangulia kufika, watazamwe wale ambao maisha yao yanategemea ardhi fulani na ambao mipango ya maendeleo huwapita juu. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliiamuru Kenya ilipe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na kuwarudishia Waogiek ardhi yao. Novemba 2023 baadhi yao walikuwa wakifukuzwa tena msituni.

Huko Gove, Mandawuy Yunupingu alifariki mwaka 2013. Kaka yake alirudi mahakamani mwaka 2019, kwa niaba ya Gumatj, kuhusu boksiti ileile. Galarrwuy alifariki Aprili 2023, miezi sita kabla ya kura ya maoni. Tarehe 12 Machi 2025 Mahakama Kuu ya Australia iliupa ushindi ukoo wake: haki ya wenyeji juu ya ardhi ni mali, na serikali ya shirikisho ilipoichukua ilipaswa kuilipia kwa haki kama inavyolipia mali ya raia mwingine yeyote. Hukumu haikutaja kiasi. Iliamua tu kwamba dai lina miguu ya kusimamia, na hilo ndilo Blackburn alilolikataa mwaka 1971.

Mkataba wa taifa zima bado haupo. Jimbo la Queensland lilipitisha sheria ya kuuandalia njia mwaka 2023, serikali ikabadilika, ikafutwa mwaka 2024. Victoria ilikwenda mbali zaidi, na Novemba 2025 sheria yake ya mkataba, ya kwanza ya aina hiyo nchini, ilitiwa saini. Jimbo hilo linapiga kura Novemba 2026, na upinzani umeahidi kuifuta ukishinda.